Inalia au Nalia

Kaka yangu ni fundi wa magari, na mtaa mzima unamwita Sikio. Msidhani ana masikio makubwa. Ni masikio ya kawaida tu, yenye mvi mbili tatu na mara nyingi grisi. Jina alilipata kazini. Mtu akiingia na gari pale gerejini, kaka hakuwa na haraka ya kufungua boneti kama mafundi wengine wanaopenda kuonekana wana shughuli. Alisimama pembeni, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande kama kuku aliyesikia mwewe, halafu akasema, "Zima. Nimeshasikia." Na kweli alikuwa amesikia. Alijua beringi iliyokauka inasemaje, mkanda uliolegea unasemaje, na tofauti yake na mkanda uliochakaa.

Kuna mteja alikwama njiani huko mbali, akampigia simu. Kaka akamwambia aiweke simu karibu na injini. Akasikiliza, akasema ni pampu ya maji. Fundi wa huko alipofungua akakuta ni pampu ya maji. Kila anayesimulia kisa hicho huongeza umbali kidogo, na mimi siwazuii, kwa sababu kinatuletea wateja.

Mke wake, wifi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akilicheka sana jina hilo. "Sikio gani hili?" alikuwa akisema. "Nati ikianguka ng'ambo ya barabara anausikia mlio wake. Mimi nikimwambia pipa la taka limejaa, kimya!" Kaka alikuwa akitabasamu tu, na pipa linabaki vilevile.

Mimi nina duka la spea, ukuta kwa ukuta na gereji yake. Dirisha langu linatazama uwanja wake wote: magari, jeki, mapipa ya oili chakavu, kigoda cha mbao ambacho ndicho ofisi yake. Yeye akifungua, mimi nauza. Mimi nikikosa kitu, yeye anamkalisha mteja chini na kumpa chai. Tunagombana kila siku, tena kwa sauti, na mtu asiyetujua anaweza kudhani tunadaiana urithi.

Hiyo sauti ndiyo iliyonishtua. Nilianza kuona kwamba mimi ndiye ninayepaza zaidi, na yeye anajibu mambo ambayo sikuyasema. Asubuhi moja nikamuuliza, "Kaka, chai nikuwekee sukari?" Akanijibu, "Kesho, Mungu akipenda." Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Nikaanza kumwangalia. Wateja wakitaniana, yeye anacheka wa mwisho. Simu ikilia, anasema, "Niandikie ujumbe, mikono ina oili," hata akiwa ametoka kunawa.

Hatukuwahi kulizungumza. Kilichotokea ni kitambaa. Nina kitambaa cha njano cha kufutia vumbi. Gari likiingia na linapiga kelele, nafuta kioo cha dirisha upande wa juu. Likigonga kwa chini, nafuta chini. Lisipokuwa na neno, nakunja kitambaa naweka begani. Yeye anatupia jicho dirishani, kisha anainamisha kichwa chake vilevile kama zamani na kusema, "Zima. Nimeshasikia." Sijui nani alianza. Ninachojua ni kwamba dirisha langu lilikuwa safi kuliko yote mtaani, na majirani wakaanza kunisifu kwa usafi.

Niseme wazi nilichokuwa naogopa. Watu walikuwa wanaleta magari kwa sababu ya sikio lile. Siku watakapojua limeziba, watakwenda kwingine, maana mafundi wamejaa. Na kaka bila gereji angekuwa nani? Watoto wake wako mbali, mke wake hayupo. Kinachomtoa kitandani asubuhi ni ile boneti ya kwanza. Nilikuwa tayari kufuta kioo hadi mkono ung'oke.

Basi akaja mama wa maktaba.

Ni mkutubi, kazi yake ni kwenye maktaba ile iliyo mwisho wa barabara yetu. Maisha yake yote amefanya kazi mahali ambapo kupaza sauti ni kosa, na sauti yake imezoea hivyo. Anaongea kana kwamba kuna mtoto mchanga amelala chumba cha pili. Mumewe alikuwa mteja wa kaka tangu zamani, mtu mpole, mwenye gari dogo la bluu ambalo alilitunza vizuri. Kila asubuhi alimpeleka mkewe kazini kwa gari hilo, na kila jioni alikuwa pale mlangoni akimsubiri. Akafariki. Gari likafunikwa turubai uani, likakaa hivyo miezi kadhaa, hadi mama akachoka kutembea juani, akalifunua.

Siku hiyo ya kwanza mimi sikuwepo, nilikwenda kuchukua mzigo kwa muuzaji wa jumla. Haya nilisimuliwa baadaye na wote wawili, na simulizi zao zinalingana.

Mama aliingiza gari, akazima, akashuka. Kaka alilitambua gari kabla hajamtambua yeye.

"Pole sana, mama. Nilipata habari za mzee."

"Asante, fundi. Nimeshapoa."

"Haya, tuambie. Shida nini?"

Mama akasema, kwa ile sauti yake ya kutoamsha vitabu, "Inalia, fundi. Asubuhi ndiyo inalia sana. Ikipata joto inanyamaza."

Na kaka yangu akasikia: "Nalia, fundi. Asubuhi ndiyo nalia sana. Nikipata joto nanyamaza."

Hapo ndipo lugha yetu ilipomtega. Laiti mama angesema "linalia", kama vitabu vyake vinavyotaka, hakuna kitu kingetokea. Lakini nani anasema "linalia" gerejini? Hapa gari inalia, inagonga, inavuta, inakohoa, na mwalimu wa Kiswahili akileta lake naye anasema inalia. Basi ile irabu moja ya mbele, ndogo kama punje, ikaanguka njiani kati ya mdomo wa mama na sikio la kaka.

Kaka akaweka spana chini. Akafuta mikono kwa suruali, akasogeza kigoda, akasema, "Kaa, mama." Mama akakaa, akidhani labda uchunguzi utachukua muda. Kaka akachuchumaa mbele yake.

"Wewe lia," akamwambia. "Usijizuie. Mimi wangu alipoondoka, nililia hadi nikaona haya mbele ya magari. Na asubuhi ndiyo mbaya zaidi, umesema kweli. Unaamka umesahau, halafu unakumbuka. Mtu akikuambia jikaze, mwambie ajikaze yeye. Unajikaza ili upewe nini?"

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa ameleta gari.

Kisha kaka akafungua boneti, kwa kuwa gari lilikuwa limeletwa na lazima litazamwe. Macho yake hayana kasoro, akaona mkanda wa injini una nyufa. Akaufungua, akafunga mpya. Gari lilikuwa bado na joto, likawaka kimya. Mama akashukuru, akaondoka.

Hazikupita wiki nyingi akarudi. Mimi tena sikuwepo, mzigo tena. "Bado inalia, fundi," akasema. Na kaka, kwa masikitiko ya kweli, "Bado unalia? Utalia, mama. Usijipangie tarehe. Kuna watu watakuambia imetosha. Wao wanakwenda kulala, wewe ndiye unabaki na hiyo nyumba." Akamtilia chai. Wakazungumza kuhusu marehemu, jinsi alivyokuwa akifuta vioo vya gari kwa gazeti, jinsi alivyokuwa hawezi kumpita mtu anayetembea bila kumpa lifti. Kaka akatazama oili, akatazama maji, akasema gari liko sawa. Mama akaondoka na gari linalolia. Aliniambia baadaye kwamba alipofika barabarani alicheka peke yake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, halafu kicheko kikageuka, ikabidi asimame pembeni hadi machozi yakauke.

Mara ya tatu nilikuwepo.

Kulikuwa na manyunyu, asubuhi ya baridi. Gari nililisikia kabla halijakata kona. Juu kulikuwa na mlio mkali wa mkanda unaoteleza, na chini yake mngurumo mwingine, mzito, kama mtu anayekoroma kwa hasira. Mimi si fundi, lakini nimekaa kaunta miaka ya kutosha. Nikajua mkanda unalia kwa sababu kuna kitu hakiushiki. Nikashika kitambaa, nikafuta kioo juu, nikafuta chini, nikafuta juu tena. Kaka hakuangalia dirishani hata kidogo. Alikuwa anasogeza kigoda.

Nikatoka nje na glasi ya chai kama kisingizio. Nikafika wakati mama anashuka, anasema, "Fundi, leo imelia hadi watu wakageuka barabarani."

"Waache wageuke," kaka akamwambia, na uso wake ulikuwa na upole ambao mimi dada yake naupata mara moja kwa mwaka. "Machozi hukuyaiba."

Nilisimama na ile glasi. Nikamtazama kaka, nikamtazama mama, nikalitazama gari. Kisha nikaelewa. Nikamshika mama mkono. "Dada, hebu njoo dukani mara moja," nikasema, na kaka nikamwachia chai.

Ndani nikafunga mlango. "Dada, naomba uniambie ukweli. Ulimwambia gari inalia, au wewe unalia?"

Akatazama chini. "Gari."

"Na hukumsahihisha?"

"Nilitaka. Siku ya kwanza nilifungua mdomo kabisa." Akawa anazungusha pete yake kidoleni. "Lakini watu wote wananiambia nijikaze. Dada zangu, watoto, kazini. Wananisifu, eti nimejikaza vizuri. Yeye peke yake akaniambia lia. Nikaona nikisema ni gari, nitakuwa nimeyarudisha maneno yake. Nikaondoka nayo."

"Na gari ikaendelea kulia."

"Ikaendelea."

Nikacheka, na yeye akacheka kimyakimya, mabega tu yakitikisika. Halafu nikakasirika, maana mimi hasira zangu huwa zinakuja na kicheko. "Unajua mkanda huo ukitoka barabarani itakuwaje? Usukani unakuwa mzito ghafla, chaji inakata, injini inachemka. Unataka kufa kwa ajili ya adabu?"

"Hapana," akasema. Kisha akaniuliza, polepole, "Hasikii, siyo?"

 Kudanganya sikuweza, na kusema sikuweza. Nikabaki nakunja kitambaa.

"Sitamwambia mtu," akasema, kwa sauti ambayo hata kama angetaka kumwambia mtu, nani angemsikia?

Nikampeleka akakae kigodani, nikamwita kaka stoo. Nikasimama mbele yake, uso kwa uso, kwenye mwanga wa balbu. "Kaka. Yule mama hakusema analia. Alisema gari inalia."

"Nani analia?"

"Gari!"

Akanitazama. Kwanza akaja juu. "Mimi gari hiyo nimeifungua mara mbili! Nimeweka mkanda mpya!"

"Umeifungua kwa macho, kaka. Tenshena inanguruma. Mimi nimeisikia nikiwa humu ndani, mlango umefungwa. Wewe ulikuwa umesimama pale."

Hasira ikamtoka yote kwa mara moja. Akakaa juu ya katoni ya filta za oili, nami sikumkataza ingawa zilikuwa zinabonyea. Akatazama viganja vyake.

"Mama watoto alipoondoka," akasema, "nyumba ikawa kimya. Nikadhani ni nyumba ndiyo imenyamaza. Kumbe ni mimi."

 Nikamwekea mkono begani, jambo ambalo sisi wawili hatulifanyi, na akauacha ukae.

"Na maneno yote yale niliyomwambia," akasema baadaye. "Ataniona mjinga."

"Angekuona mjinga angekwenda gereji nyingine. Amerudi mara tatu na gari bovu."

Akafikiri. Akanyanyuka, akajipangusa, akatoka.

Kwa asiyejua, niseme kidogo. Injini ya gari kama lile ina mkanda mmoja mrefu wa mpira, unaozungusha vitu vingi kwa pamoja: altaneta inayochaji betri, pampu ya maji, pampu ya usukani. Tenshena ni mkono mfupi wa chuma wenye springi ndani na gurudumu dogo kwenye ncha. Kazi yake ni kuusukuma mkanda usilegee. Tenshena ikichoka, hata ukifunga mkanda mpya kila siku, utanyamaza kidogo kisha utaanza tena. Fundi anayesikia anaipata mara moja, kwa ule mngurumo. Asiyesikia anabadilisha mkanda na kudhani amemaliza.

Kaka aliwasha injini, akachukua bisibisi ndefu, akaigusisha ncha kwenye shina la tenshena na kushika mpini kwa vidole vitatu, kama anavyoshika mtu mapigo ya mgonjwa. Akazima. Akaingiza spana, akauzungusha mkono wa tenshena, akatoa mkanda. Gurudumu akalisukuma kwa kidole. Likazunguka, likazunguka, likiyumba. Akausukuma mkono ule, ukarudi kwa uvivu. "Ndiye huyu," akasema. Akafungua bolti, akaja na tenshena yenyewe dukani, bado ina vumbi jeusi la mpira.

Nikampangia kauntani tenshena zote nilizokuwa nazo za gari hilo. Akaiweka ile ya zamani kando ya kila moja. Ya kwanza ilifanana kabisa kwa macho, lakini mkono wake ulizidi kwa unene wa kidole, ni ya gari hilohilo lenye injini kubwa. Akaisukuma mbali. Nyingine gurudumu lake lina mifereji, wakati ya zamani ni laini. Mbali. Zikabaki mbili, hata mimi nisingeweza kuzitofautisha.

Akachukua moja, akalizungusha gurudumu. Lilizunguka vizuri, bila kusita, muda mrefu. Na bila kufikiri, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaiinua hadi sikioni.

Mkono ukakaa pale. Mimi nikageukia rafu, nikaanza kupanga plagi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nilipogeuka, alikuwa ameshaishusha. Akachukua ya pili, akaizungusha kwa kidole gumba, macho amefumba. Ilizunguka kwa uzito, ikasimama mapema. Akarudia. "Huyu," akasema. "Yule mwingine anakimbia sana. Watu wanampenda kwa sababu anakimbia, lakini anakimbia kwa kuwa ni mkavu, hana cha kumshika. Huyu ana grisi ndani. Na haparuzi, shika." Nikashika. Sikusikia mparuzo wowote, wala sikujua mparuzo ungekuwaje, lakini nikakubali kwa kichwa.

Kisha akaibana kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania, akaingiza spana, akaukunja mkono taratibu, akauachia taratibu. Mama wa maktaba alikuwa amekuja kusimama mlangoni.

"Inatakiwa ikaze sana?" akauliza. Kaka alikuwa anamtazama mdomo, akamwelewa.

"Hapana, mama. Ikikaza sana mkanda unakatika, na beringi za wenzake zinakufa. Nzuri inakaza na inaachia. Mkanda ukivuta, inaufuata. Lazima iachie."

"Lazima iachie," mama akarudia. Sijui yeye alisikia nini hapo. Kaka alikuwa anazungumzia gari tu, namjua.

Akarudi kuifunga. Kabla ya kuiweka akapangusa mahali pake kwa kitambaa, akahakikisha kile kijino cha nyuma kimeingia kwenye tundu lake, maana kisipoingia, tenshena inakaa upande na mkanda unaliwa. Akakaza bolti kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo. Akaupitisha mkanda kwenye kila puli, yale magurudumu ya injini, huku juu, kule chini, mkono mmoja ukijua njia bila kuulizwa. Mwisho akavuta spana, akauteleza mkanda juu ya gurudumu dogo, akauachia mkono wa tenshena polepole hadi ukashika. Akapitisha kidole kwenye kila puli, kuhakikisha mkanda umelala katikati.

Wakati huo wateja wawili walikuwa wameshafika. Mmoja ni bwana mwenye gari jipya, hata nailoni za viti hajazitoa. Wa pili ni dereva wa gari la mkate, ambaye tunamjua siku zote. Wote wawili wamesimama pale, wanasubiri kumsikia Sikio akisema alichosikia.

Kaka akawasha. Mimi nikiwa dirishani, kitambaa mkononi. Nilisikia injini safi kabisa, na nikawa nakunja kitambaa tayari kukiweka begani. Akanitupia jicho. Kisha, kwa makusudi, nikimwona, akaliondoa. Akamgeukia mama wa maktaba, na akasema kwa sauti ya mtu asiyejua sauti yake ina ukubwa gani:

"Mama, mimi sisikii. Masikio yangu yamechoka. Panda tuzunguke mtaa, unisikilizie."

Wateja wakatazamana.  Siku zote nilikuwa nimemsikilizia kwa kitambaa, na hakuwahi kuniomba, na nakiri nilipata wivu kidogo. Lakini juu ya wivu nilipata hofu, kwa sababu neno limeshatoka na halirudi. Mama akapanda. Kaka akakaa kwenye usukani. Wakaondoka.

Bwana wa gari jipya akatazama saa yake. Akanitazama mimi. "Nitarudi," akasema, kwa namna ya watu ambao hawarudi. Akawasha gari, akaondoka. Nikasema moyoni, mmoja.

Nikamgeukia dereva wa mkate, na sikumgeukia kwa wema. "Na wewe? Hukusikia alichosema?"

"Nimesikia, mama." Alikuwa anatafuna mkate wa tajiri wake.

"Sasa?"

"Gari yangu inavuta kushoto," akasema. "Hiyo haina sauti."

Sikujua nicheke au nimkumbatie. Nikamwambia akimaliza kutafuna apanguse makombo kwenye kizingiti changu.

Gari la bluu likarudi. Mama akashuka, macho mekundu, uso umelowa. Akazunguka hadi mbele ya kaka, akasema, "Imenyamaza." Kaka akatikisa kichwa, hakupata. Akasema tena, kwa nguvu zaidi. Kaka akainamisha kichwa upande. Basi yule mama wa maktaba akavuta pumzi na kupiga ukelele ambao nadhani hakuwahi kuupiga tangu azaliwe:

"Imenyamaza!"

Mapipa yenyewe yaliitika. Kaka akatabasamu kwa meno yote. "Na wewe?" akamuuliza.

"Mimi bado!" akajibu, kwa sauti ileile, analia na kucheka kwa pamoja katikati ya uwanja wa gereji, mbele ya watu.

"Haya," kaka akasema. "Wewe huna haraka."

Akamfungulia mlango wa gari, akausukuma ukafungika, akasimama hadi mama alipokata kona. Kisha akafuta mikono, akamgeukia dereva wa mkate. "Wewe yako inafanyaje? Simama hapa mbele, ongea ukiniangalia. Sisikii vizuri." Alisema hivyo kama mtu anavyotaja jina lake. Dereva akameza tonge la mwisho, akaja akasimama mbele yake, akaanza kumweleza taratibu, mikono ikimwonyesha upande wa kushoto.

Mimi nikaingia stoo, nikajifanya natafuta plagi, nikalia hadi mteja akanigongea kaunta.